Siklidi gani ununue kwa tangi kubwa huku Arusha na Moshi, kuanzia namba moja mpaka wa mwisho

Wadau, kila wiki lazima kuna mtu aniulize, kaka nimetengenezewa tangi la futi sita niweke samaki gani, na ukimuuliza yeye anataka nini anakwambia nataka wa rangi rangi wachanganyike. Hapo kwenye kuchanganyika ndo pesa za watu zinapopotelea. Siklidi, ile familia ya samaki ambayo hata perege na sato wamo, ni samaki wa kulinda eneo, dume akishashika jiwe lake hataki kuona mtu, kwa hiyo usianze na rangi, anza na mambo matatu: katoka ziwa gani, anakula nini, na akikua anafika sentimita ngapi. Dukani wote wana sentimita nne na wote wanaonekana wapole.

Kabla ya majina tuongee maji, maana huku kwetu ndo yanayoamua nusu ya kazi. Maji ya chini ya Meru yamepita kwenye mwamba wa volkano, mengi yana bikaboneti na pH yake (kipimo cha asidi na alkali) inakaa juu ya 7. Anayetaka kufuga diskasi, samaki wa maji laini yaani yenye madini machache, atahangaika nayo sana, ila kwa samaki wa Nyasa na Tanganyika hayo ni maji ya nyumbani, Nyasa inacheza pH 7.7 mpaka 8.6 na Tanganyika inapanda kukaribia 9. Hata hivyo pima ya kwako kwanza, bomba la Njiro sio kisima cha Usa River, na wenzetu wa Moshi mkikuta yenu ni laini wekeni changarawe za matumbawe au mawe ya chokaa kwenye filta yatapanda taratibu. Na msisahau perege na sato wa sokoni nao ni siklidi, hata Ziwa Natron, kwenye chemchemi za pembeni zenye magadi, kuna siklidi wadogo wanaishi humo humo, hii familia ni ya kwetu kabisa.

Namba moja kwangu ni mbuna wapole, mbuna ni wale siklidi wa Nyasa wanaoishi kwenye mawe, na nasisitiza wapole. Mchanganyiko ninaoupendekeza kwa mtu yeyote anayeanza ni huu: Labidochromis caeruleus, yule wa njano mwenye mstari mweusi kwenye pezi la mgongo, halafu acei ambaye mwili ni wa zambarau na mkia wa njano, halafu Iodotropheus sprengerae mwenye rangi ya kutu. Rangi tatu tofauti kabisa, na hiyo ni faida, kwa sababu mbuna huwa anamchukia zaidi anayefanana naye, na wanaofanana ndo wanaozaana wenyewe kwa wenyewe ukabaki na machotara usioweza hata kumuuzia mtu. Acei anapenda kuogelea juu, wale wawili wako kwenye mawe, kwa hiyo tangi zima linakuwa na uhai. Tangi la futi nne lenye lita kama 240 weka 15 hivi, la futi sita weka 25 mpaka 30, dume mmoja kwa majike watatu ukiweza kuwatofautisha. Najua inaonekana ni wengi ila wakiwa wachache dume mbabe anachagua mmoja wa kumwonea mpaka afe, wakiwa wengi hasira zinagawanyika, sharti filta iwe na nguvu na ubadilishe maji kama theluthi kila wiki. Chakula chao kiwe cha mimea, spirulina (chakula cha mwani) au mchicha uliochemshwa kidogo, nyama nyama za ng'ombe acha, wanavimba tumbo na wakishavimba kuwaokoa ni kazi.

Kitu kitakachokufanya uwapende ni jioni moja utakaa mbele ya kioo uone jike katuna chini ya kidevu, mdomo unatafuna tafuna kama mtu mwenye ubuyu, ukimwaga chakula wenzake wanakimbilia yeye anageukia ukutani. Ana mayai mdomoni huyo. Atafunga karibu wiki tatu mpaka watoto watoke wanaogelea wenyewe.

Sasa wabaya ndani ya hao hao mbuna. Melanochromis auratus usinunue, hata ukipewa bure. Mimi niliuziwa wawili, muuzaji akaniambia wote si mbuna wataelewana tu, na wakiwa wadogo ni wazuri kweli, njano na mistari myeusi, nikawaweka na wale wa njano. Baada ya miezi kadhaa mmoja wao akageuka mweusi, ndo dume kakomaa, na ndani ya wiki mbili nilitoa samaki saba waliokufa. Mkubwa wangu wa njano nilimkuta kajibanza juu kabisa nyuma ya hita, mapezi yameliwa yamebaki miiba mitupu, anapumua haraka haraka, nikamtenga kwenye ndoo na asubuhi alikuwa amekwenda. Bado inaniuma maana yule nilimlea toka ana sentimita tatu.

Namba mbili, ila kwa mwenye futi sita kwenda juu tu, ni frontosa wa Tanganyika. Wa Kigoma ana mistari saba, kichwani anaota nundu, dume anavuka sentimita 30 na anatembea taratibu kama mzee wa boma. Ni ghali na anakua polepole, utasubiri miaka, lakini kundi la sita mpaka nane kwenye lita 650 lina utulivu ambao mbuna hawawezi kukupa. Usimchanganye na samaki wadogo, usiku anawameza, na usimweke na mbuna kabisa kwa sababu fujo zao zinamnyima kula.

Namba tatu ni pikoku wa Nyasa, yaani Aulonocara, madume matupu. Majike yao ni ya kijivu na yakiwemo madume wanapigana, ukiweka madume peke yao wa rangi tofauti unapata tangi linalong'aa kuliko yote. Unaweza kuongeza Nimbochromis livingstonii mmoja, yule anayejilaza ubavu mchangani kama maiti halafu samaki mdogo akisogea anamdaka, ila huyo anafika sentimita 25 kwa hiyo wengine wasiwe vidagaa.

Tropheus wa Tanganyika nimemweka namba nne ingawa moyo wangu uko kwake, hasa aina ya duboisi akiwa mtoto, mweusi mwenye madoa meupe. Anataka kundi la 15 au zaidi, chakula cha majani tu, na ukikosea kidogo tumbo linavimba kundi zima. Subiri mwaka wa pili.

Wa mwisho oska. Ni wa Amerika Kusini, anataka maji laini, anafika sentimita 30, anachafua maji vibaya na anakula kila kinachoingia mdomoni. Akae peke yake.

Kuhusu baridi, mwezi wa sita na wa saba huku sio wa kubahatisha, tangi la futi sita weka hita mbili za wati 300 kila moja, ikifa moja nyingine inashika. Umeme ukikatika usiku kinachoua kwanza ni kukosa hewa sio baridi, kuwa na pampu ya hewa ya betri. Mawe meusi ya volkano yapo mengi, osha sana, chagua yasiyo na ncha kali na yapange juu ya sakafu ya tangi kabla ya mchanga, wakichimba yasidondokee kioo.

Tangi likae na maji na filta ikizunguka wiki nne mpaka sita ndo ununue, na upime amonia, ile sumu inayotokana na uchafu wa samaki na chakula, kwenye maji ya alkali kama yetu amonia inakuwa na sumu zaidi. Nunua wote wakiwa wadogo na uwaingize siku moja, ukimwongeza mgeni mwezi wa tatu wenyeji watamuua. Dukani mwambie muuzaji awalishe ukiwa unaangalia, asiyekuja kula muache, mwenye tumbo lililoingia ndani au anayening'iniza kinyesi cheupe muache. Wakitoka Dar kwa basi waombe wafungiwe na oksijeni, wasilishwe siku moja kabla. Ukifika nyumbani elesha mifuko juu ya maji dakika 20, ongeza maji ya tangi kidogo kidogo, watoe kwa wavu, maji ya mfuko mwaga nje, zima taa, na chakula mpaka kesho yake.