Bazel 7 na bando langu: kujenga programu bila kupakua mzigo wote

Nianze na bando, maana ndilo lililonifikisha huku. Nafanyia kazi nyumbani, Arusha, na seva ya timu iko Frankfurt. Mradi wetu umeandikwa kwa lugha za C++ na Go, mkubwa, wote umekaa kwenye hazina moja ya msimbo. Tunaujenga kwa Bazel, chombo cha kugeuza msimbo kuwa programu. Enzi za Bazel 6, kila asubuhi nikishavuta mabadiliko ya wenzangu na kuandika `bazel build`, naenda kuchemsha chai, naichuja, nainywa, narudi, kompyuta bado inapakua. Haikompaili, yaani haigeuzi msimbo kuwa lugha ya mashine, inapakua. Kazi ya kukompaili mashine za ofisi zilishaimaliza usiku na matokeo yapo kwenye kache ya pamoja, ghala la faili zilizokwisha kujengwa. Kilichobaki ni kunishushia maelfu ya faili za `.o`, vipande vilivyokwisha kukompailiwa, ambazo sijawahi kuzifungua hata moja. Bando la wiki lilikuwa linakata Jumatano.

Kwa asiyeijua, Bazel ni mtoto wa Blaze, chombo ambacho Google walikitumia ndani kwao kabla ya kuitoa Bazel hadharani mwaka 2015. Kila hatua ya ujenzi, yaani amri yake, faili zinazoingia na mazingira yake, inafupishwa kuwa alama moja ya SHA-256, kama alama ya kidole ya hatua hiyo. Bazel inaiuliza seva: hii unaijua? Kama kuna mtu alishaifanya hatua hiyohiyo, seva inarudisha orodha ya faili zilizotoka, kila moja na alama yake na ukubwa wake. Faili zenyewe zinakaa pembeni, zikisubiri aje anayezihitaji.

Ujanja uko hapo. Ili kuuliza kuhusu hatua inayofuata, Bazel haina haja ya kuishika faili, alama yake inatosha. Inaweza kupita mnyororo mzima kwa alama tupu, pasipo faili hata moja kuvuka bahari. Uwezo huo ulikuwepo kabla, ila ilikuwa juu yako kuandika swichi ya `--remote_download_toplevel` au `--remote_download_minimal`, na wengi wetu hatukujua. Toleo la 7, la Desemba 2023, ndilo lililoifanya `toplevel` kuwa kawaida: zinashuka faili za kile ulichokiomba tu. Hatua inayofanyika kwenye kompyuta yako ikihitaji kitu kilichoko seva, kinaletwa wakati huo, hicho tu.

Kwangu faida kubwa nimeiona kwenye majaribio. Jaribio lililokwisha kufaulu usiku kule seva halinigharimu kitu cha maana, linaandikwa limefaulu na tunasonga mbele. Nikisoma mstari wa mwisho kwenye terminali na kukuta idadi kubwa ya `remote cache hit`, najua leo bando liko salama.

Sasa kuna jambo ambalo wanaosifia hawalisemi. Sisi tuna kache tu, hatuna mashine za mbali za kutufanyia ujenzi wenyewe. Nikibadilisha faili moja ya C++, inakompailiwa hapa nyumbani, sawa. Lakini kuunganisha vipande vyote kuwa programu moja nako kunafanyika hapa, na kazi hiyo inazitaka faili za `.o` zote. Kwa hiyo zinashuka! Siku ya kwanza nilidhani nimekosea kuweka swichi, nikapoteza saa nzima kuhangaika na `.bazelrc`, faili ya mipangilio ya Bazel. Sikuwa nimekosea, ndivyo inavyofanya kazi. Zikishashuka hazishuki tena, mradi usiguse `bazel clean`, amri ya kufuta matokeo ya ujenzi. Nimeongeza `--disk_cache` ili hata nikifuta, nakala ibaki kwenye diski. Nayo inanenepa haraka, na kwenye toleo letu naipunguza kwa mkono.

Kihariri changu cha msimbo nacho kilinitoa jasho. Faili za `.pb.h` zinazozalishwa na protobuf, chombo cha kutengeneza msimbo wa kubadilishana data, hazikuwepo kwenye diski, kwa sababu hakuna aliyeziomba, basi kila mahali mistari myekundu ingawa ujenzi umepita bila kosa. Dawa yake ni `--remote_download_regex`, unaitajia mfano wa majina ya faili unazotaka zishuke kila mara. Mistari ikaondoka.

Upande wa seva tunatumia bazel-remote, programu ndogo ya kuhifadhi kache iliyoandikwa kwa Go. Unaipa folda na `--max_size` (ukomo wa ukubwa), inasikiliza maombi ya gRPC, njia ya programu kuzungumza mtandaoni, kwenye mlango 9092, basi. Kuiweka haikumaliza asubuhi moja. Ikijaa inatupa faili zilizokaa muda mrefu bila kuguswa, na mwanzoni tuliipa nafasi finyu mno. Matokeo yake Bazel yangu inaikumbuka alama, inakwenda kuichukua faili, inaambiwa haipo, ujenzi unakatika katikati. Tulipoipanua nafasi, hilo likapungua sana. Nikawasha pia `--remote_cache_compression`, inayobana faili zikiwa njiani, na kwa mtandao wa simu tofauti nimeiona kwa macho.

Mawili ya kuangalia kabla hujalaumu chombo. Kwanza `PATH`, orodha ya folda ambamo kompyuta inatafuta programu. Yangu ilikuwa na folda moja ya ziada, na kwa sababu mazingira yanaingia kwenye hesabu ya alama, kila hatua yangu ilionekana ngeni na sikupata kitu kwenye kache wiki nzima. `--incompatible_strict_action_env`, inayoweka mazingira yaleyale kwa wote, ikamaliza ubishi. Pili, msiruhusu kompyuta za watu kuandika kwenye kache ya pamoja. Bazel haiifuatilii kompaila iliyoko `/usr/bin`, kwa hiyo mwenye mfumo tofauti anaweza kupeleka faili isiyofanana na yenu chini ya alama ileile. Kwetu zinaandika mashine za ofisi peke yake, sisi wengine tuna `--noremote_upload_local_results`, inayozuia kupeleka matokeo yetu.

Ningeipa nne kati ya tano. Hiyo iliyobaki ni ya ile kazi ya kuunganisha, ambayo dawa yake ni kuhamishia ujenzi wenyewe seva. Ofisi wanapiga hesabu ya gharama. Kwa sasa, siku ninayojua nitagusa C++, nasubiri bando la usiku.