Kidari cha Idi: usiku mzima na jiko langu la moshi hapa Houston

Jiko hili la kufukizia nyama ninalo tangu mwaka jana, lakini kidari nilichokipika usiku wa kuamkia Idi ndicho kilichonitia hamu ya kuandika. Watu wa Texas na kidari cha ng'ombe ni kama sisi wa Tanga na samaki wa kupaka. Ni nyama ngumu. Ukiichoma harakaharaka kama mishikaki, utatafuna mpaka taya ziume. Inataka moto mdogo na saa nyingi.

Jiko lenyewe ni pipa la chuma lenye rangi ya enameli, upana sentimita 47, limesimama wima. Chini kuna kikapu cha mkaa, katikati karai la maji, juu wavu wa nyama. Hewa inapita kwenye matundu matatu ya chini na moja la kwenye mfuniko.

Kuwasha kwake kulinifurahisha sana. Mkaa hauwashwi wote. Unajaza kikapu mkaa usiowaka, unachomeka vipande vitatu vinne vya mti wa mwaloni, kisha juu yake unamwaga makaa mekundu kiasi cha bakuli moja. Moto unateremka wenyewe, polepole, usiku kucha. Bibi yangu alikuwa akipalia makaa juu ya mfuniko wa sufuria ya wali, na nilipoona maelekezo nikajisemea kumbe kazi hii naijua.

Kidari nilikitoa buchani ya halali, kilo 6, kizima, mnofu mwembamba na ule mnene wenye mafuta vikiwa bado vimeshikana. Nilipunguza mafuta yakabaki unene wa nusu sentimita hivi, nikapaka chumvi na pilipili manga iliyopaazwa, basi. Shemeji alikuja na tangawizi na kitunguu saumu mkononi. Nikamwambia, "Shemeji, hivyo ni vya mishikaki. Leo tuwafuate wenyeji."

Saa tatu na nusu usiku nyama ikaingia. Hapo ndipo nina lalamiko langu kubwa: kipimajoto cha kwenye mfuniko hakifai. Kilikuwa kinaonyesha nyuzi 98 za Selsiasi, wakati changu cha waya, nilichokibana kwenye wavu karibu na nyama, kinasema 115. Mtu akiamini kile cha mfuniko atafungua matundu na kuiunguza nyama. Cha waya chenye kengele si anasa, kinunue siku hiyohiyo unayonunua jiko.

Na kengele hiyo iliniokoa. Saa tisa usiku ililia, nikatoka nje na kandambili, nikakuta nyuzi 143. Kufungua kile kimlango cha pembeni, karai lilikuwa limekauka, mafuta yanadondokea kwenye chuma kitupu na kutoa harufu kali ya kuungua. Nilimimina maji ya moto kutoka birika, taratibu, nikafunga matundu mawili ya chini. Baada ya nusu saa joto likarudi 120. Tangu siku hiyo naangalia karai kabla ya kulala, hata kama nimelijaza pomoni.

Alfajiri nyama ilifika nyuzi 68 kwa ndani, ikagoma. Saa nzima, haipandi hata nyuzi moja. Kama hujawahi kuona utadhani moto umezimika. Kumbe nyama inatoa jasho, na maji yakigeuka mvuke yanaipoza, vilevile mtungi unavyopoza maji. Usiongeze moto. Saa kumi na mbili niliifunga kwenye karatasi ya buchani, ile ya kahawia isiyo na nta, nikaenda kuswali Idi nikimwachia shemeji zamu.

Saa nne na nusu ikagonga 95. Lakini namba peke yake haitoshi, mimi huchoma kijiti: kikizama kama kwenye siagi, imeiva. Nikaifunga taulo na kuilaza kwenye sanduku la barafu lisilo na barafu kwa saa mbili. Kuikata mara tu ikitoka motoni ni kumwaga mchuzi wake wote kwenye ubao.

Nilipoikata kukatisha nyuzinyuzi za nyama, ule ukoko mweusi ulilia kwa kisu, na ndani yake kulikuwa na mstari mwekundu wa moshi. Tuliila na pilau na kachumbari. Mama mkwe, ambaye meno yamemwishia, alikula vipande vitatu.

Kasoro nyingine ni kimlango cha pembeni. Bati lake jepesi halikai sawa, moshi unavuja, nami nimelikunja kidogo kwa koleo. Liweke jiko mbali na ukuta wa mbao, na kamwe usiliingize gereji hata mvua ikinyesha, maana hewa ya mkaa inaua. Nililipa dola 400 na ushee, na ningelinunua tena kesho. Shemeji ameshaulizia kidari cha Idi Kubwa, na safari hii anataka akeshe yeye.