Visiwa vya Menai ni vizuri, nahodha ndiye tatizo

Nilitaka kuwapa wenye boti ya watalii iliyotutembeza nyota nne, maana visiwa vyenyewe havina kosa. Ukitoka Fumba, huku Unguja, ukapita kisiwa cha Kwale kuelekea Pungume, unakuta vijisiwa vya mawe matupu visivyo na mtu, vimeliwa chini na mawimbi mpaka vimesimama kama uyoga. Juu ni vichaka na mawe makali, bila viatu hukanyagi. Kwale mikoko imezunguka maji yaliyotulia, na boti inaingia bahari ikijaa tu. Hapo sina neno.

Neno ninalo na nahodha. Maji yalikuwa yamekupwa, tukasimama tuogelee. Mchanga mweupe upo mbele kidogo tu, kila mtu anauona. Yeye akatupa nanga juu ya matumbawe! Mimi nishavaa miwani, nimo majini, naona makucha ya chuma yanaburura, matawi yanakatika moja baada ya jingine, vumbi jeupe linafuka, na visamaki vilivyojificha mle vinatawanyika.

Nikamwambia kwa adabu, "Kaka, isogeze nanga kwenye mchanga." Akanijibu mbele ya wageni: "Dada, wewe umelipa kiti, hukununua bahari. Mbona wazungu wametulia?"

Wallahi nilitetemeka kwa hasira. Ghuba ya Menai ni hifadhi tangu 1997. Wavuvi wetu wanakatazwa juya, ule wavu wa kukokota, kwa sababu linang'oa matumbawe hayo hayo, chewa na changu wakakosa pa kuzalia. Mvuvi maskini azuiwe, boti ya watalii iachiwe?

Baharia wao kijana, Mungu ambariki, alizamia bila kuambiwa akainasua nanga kwa mikono yake. Chakula nacho kilikuwa kitamu, samaki wa kuchoma wa siku ile ile. Kwa hayo nilikuwa nishaandika kwamba nendeni, ila ombeni nahodha mwingine.

La, nafuta. Kisiwa cha pili alifanya vile vile, tena ananitazama usoni. Huko si kutojua, ni jeuri. Nilipopiga simu ofisini kwao wakanambia nanga lazima itupwe, wakakata. Nyota moja, na hiyo ni ya yule kijana.

Menai nendeni, boti zipo tele Fumba na Kizimkazi. Kabla hujatoa pesa, muulize nahodha nanga yake anaitupa wapi. Akinuna, tafuta boti nyingine.