Injini ya mvuke ya kujiundia: injini ichukue, boila lake waachie wenyewe

Injini hii ndogo ya mfano niliiagiza China kupitia wakala wa mizigo wa Kariakoo, na mpaka inanifikia Tabata ilikuwa imekula shilingi 190,000. Ndani ya boksi kulikuwa na injini iliyo vipande vipande, boila dogo la bati la shaba ya njano, kitaa cha spiriti, na karatasi ya maelekezo ya Kichina ambayo picha zake zimefifia hadi springi na skrubu zinafanana. Kibao cha chini kinataka skrubu tatu. Zilikuja mbili.

Hii ni aina rahisi kuliko zote, ile ambayo silinda yenyewe inayumba. Kwa anayeanza nisingeshauri nyingine. Haina valvu za kupanga: silinda imening'inia kwenye pini moja, na kila flaiwili, yaani gurudumu zito la kuendeleza mwendo, ikizunguka, silinda inalala huku na kule. Ikilala upande mmoja, tundu lake linakutana na tundu la kuingizia mvuke, pistoni inasukumwa. Ikilala upande wa pili, tundu lilelile linakutana na la kutolea, mvuke unatoka. Springi ndiyo inayobana silinda kwenye ukuta wake ili mvuke usipenye katikati. Faida nyingine ni kwamba presha ikizidi, springi hiyo inaachia kidogo na injini inapumua pembeni.

Ukishaelewa hivyo utajua kwa nini yangu haikuzunguka siku ya kwanza. Nyuso mbili zinazosuguana, ya silinda na ya ukuta, hazikuwa bapa. Kwa macho zinang'aa vizuri tu. Nikazipaka wino wa maka peni, nikazisugua moja juu ya nyingine mara chache, nikafungua: wino umefutika pembeni, katikati kwenye tundu umebaki kama ulivyo. Maana yake katikati pamebonyea, na hapo ndipo mvuke wote ungepotelea.

Dawa yake ni msasa wa maji, ule mweusi wa mafundi rangi wa magari, juu ya kipande cha kioo cha dirisha. Nilianza na namba 600, nikamalizia na 1000, nikizungusha kama ninaandika namba nane ili nisile upande mmoja. Jioni mbili ziliishia hapo, mama watoto akiuliza kama nimeajiriwa kusugua. Kusema kweli ndizo jioni nilizozifurahia kuliko zote, maana kila ukipaka wino upya unaona doa linapungua. Mwisho nikaweka dawa ya meno kidogo, nikasafisha, nikatia oili. Ukizibandika sasa zinanatana zenyewe.

Kabla ya moto nilitaka kuijaribu kwa upepo. Kompresa sina, ila fundi pancha wa kituoni anayo. Tukafungulia upepo kidogo sana, nikakisukuma kiflaiwili kwa kidole, kikaondoka kwa mlio wa cherehani. Watu wakajaa.

"Kaka, hii inasaga nini?" fundi akauliza.

"Haisagi kitu."

"Sasa inafanya kazi gani?"

Nikamwambia inazunguka. Akanitazama, akafunga upepo, akadai mia tano yake.

Sasa boila. Hapa muuzaji simpi hata nyota moja. Limeungwa kwa risasi ya kawaida ya kulehemu, mdomo wake unazibwa na skrubu tupu, na valvu ya usalama, ile inayoachia mvuke presha ikizidi, haipo kabisa. Babu yangu alifanya kazi karakana ya reli Tabora, na katika hadithi zake zote jambo ambalo hakulifanyia utani ni maji kupungua ndani ya boila. Risasi ile huyeyuka kwenye nyuzi 183 hivi, na moto wa spiriti unapita hapo kwa mbali. Kinachoiokoa ni maji tu. Maji yakikauka ungio linaachia. Na kijibomba cha kutolea mvuke kikiziba, presha haina pa kwenda. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke hutaka nafasi ya takriban lita 1,600. Sikuliwasha hata mara moja.

Nilimwendea fundi friji Buguruni. Watu hawa wanaunga mabomba ya shaba kila siku kwa gesi na vijiti vya silva, ungio ambalo haliyeyuki mpaka nyuzi zaidi ya 600. Akanitengenezea boila kwa kipande cha bomba nene la shaba nyekundu, na vipande vya bamba kuziba ncha mbili. Valvu ya usalama niliagiza peke yake, inafunguka kwenye bar 2 (bar ni kipimo cha presha). Kisha fundi bomba akaja na pampu yake ya kupimia mabomba: tukajaza maji baridi hadi hewa yote ikatoka, tukapandisha hadi bar 4, tukaliacha dakika ishirini. Upepo wa kompresa usiutumie kupima boila. Maji hayabanwi kama hewa, kwa hiyo pakiachia panavuja tu. Hewa inarusha vipande. Kazi yote pamoja na valvu ilinitoka shilingi 93,000.

Jumamosi moja tukaliwasha barazani. Maji ya kisima chetu yana chumvi, yanaacha ukoko mweupe, hivyo natumia ya mvua, theluthi mbili ya boila na si zaidi. Oili iwe nzito. Nilianza na ya cherehani, mvuke ukaiosha yote ndani ya dakika mbili na injini ikaanza kulia. Nazima moto maji yakiwa bado yapo. Ukimaliza kausha na upake oili siku hiyohiyo, maana shafti yangu ya chuma ilishika kutu ndani ya wiki moja kwa hewa hii ya Dar.

Binti yangu amepanda treni ya umeme ya kwenda Dodoma, na neno garimoshi lilikuwa halimwingii akilini. Aliusogelea mvuke, akasema huu si moshi. Yuko sahihi.

Ukinunua, omba injini bila boila, bei inashuka. Injini naipa nne kati ya tano. Muuzaji niliwasiliana naye kuhusu skrubu, akanitumia picha ya skrubu.