Wiki tisa katika gereji ya Kizota: Land Rover ya mwaka 1964 imerudi barabarani

Gari nililolipeleka ni Land Rover Series IIA, ile ndefu yenye inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ambalo marehemu baba yangu alilitumia Tanga kwa miaka mingi kabla ya kuhamia Dodoma. Tangu serikali ihamie hapa, gereji nyingi za mjini zinaishi kwa Land Cruiser na Toyota ndogo, na fundi wa gari la miaka sitini hupatikana kwa kuulizia tu. Nilielekezwa gereji moja ya Kizota ambayo haina hata kibao. Kwa kuwa nina ya kuisifu na ya kuilalamikia, sitaitambulisha zaidi ya hapo.

Nilikubali kuacha ufunguo kwa sababu ya swali moja. Fundi alifungua boneti, akatazama betri, akauliza kama kuna mtu aliyewahi kugeuza waya. Katika Series IIA za petroli zilizoundwa kabla ya mwaka 1967, waya wa chanya ndio unaofungwa kwenye chesi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari, ilhali magari ya leo hufunga hasi. Fundi niliyemwendea mwaka juzi, katika mtaa mwingine, alifunga betri alivyozoea, na chaji haikurudi tena. Huyu wa Kizota alikuwa pia na boksi la spana za inchi, jambo ambalo si dogo: spana namba 13 huingia katika nati ya nusu inchi ikiwa imelegea kidogo, na ukiikaza kwa nguvu inakula kona za nati. Gari langu lilikuwa na nati nne za aina hiyo, kumbukumbu ya fundi yule wa kwanza.

Kazi kubwa ilikuwa chesi. Land Rover ya kwanza ilipooneshwa Amsterdam mwaka 1948, Uingereza ilikuwa bado inagawa chuma kwa mgao kwa sababu ya vita, kwa hiyo kampuni ya Rover ilitumia aluminiamu katika sehemu kubwa ya bodi na kubakiza chuma kwenye chesi na kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria. Ndiyo maana watu husema Land Rover haiozi, na ndiyo maana wanakosea. Chesi yake ni boksi lililo wazi ndani, lililoundwa kwa mabamba ya chuma yaliyochomelewa kingo kwa kingo; tope na unyevu wa chumvi wa Tanga vikishaingia humo, kutu hula kutokea ndani huku nje rangi ikiendelea kung'aa. Fundi alilala chini ya gari na nyundo ndogo, akawa anagonga hatua kwa hatua kutoka mbele kwenda nyuma. Palipo pazima palilia kwa ukali. Karibu na bamba la nyuma sauti ikawa ya debe bovu, na pigo lililofuata likazamisha nyundo ndani.

Hapo wengine wangejaza puti na kupulizia rangi. Yeye alikata hadi alipokuta chuma kizima, akachomelea bamba jipya, kisha akanionesha kabla ya kupaka chochote. Bodi aliifungua kipande kipande, kwani mabawa ya mbele (mabati yanayofunika magurudumu) na milango imefungwa kwa boliti. Chini ya milango palikuwa na unga mweupe kama chokaa, kwa sababu aluminiamu ikigusana na chuma penye unyevu, huliwa yenyewe. Aliukwangua, akapaka rangi ya kwanza, na kuweka vipande vya tyubu kati ya madini hayo mawili.

Injini, ambayo ina cc 2,286, haikusumbua: kabureta ilisafishwa, plagi zikabadilishwa. Nilitaka kuweka injini ya Toyota kama walivyofanya jamaa zangu; alinikatalia, na sasa namshukuru. Nililijaribu gari hadi Makutupora, na gia ya pili inaingia bila kusaga mradi nikumbuke kukanyaga klachi mara mbili, maana gia mbili za kwanza hazina singkronaiza, kifaa cha kulinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana.

Malalamiko yangu ni haya. Niliahidiwa wiki tatu, zikawa tisa, na simu zangu zilijibiwa kwa neno "kesho". Risiti niliipata baada ya kuidai mara mbili. Kilichoniudhi zaidi ni mpulizaji rangi: kijani alikipatia, lakini alifunika hata kibati chenye namba ya chesi, ambacho mpenzi yeyote wa magari ya kale hukitazama kwanza. Kazi ya chuma naipa alama ya juu kabisa. Kwa rangi, anayekwenda azibe kibati chake kwa selotepu kabla hajakabidhi ufunguo. Changu wamekubali kukisafisha Jumamosi, bila malipo.