Taa ya LED chini ya ngozi: eti kosa ni la ngozi yangu

Nianze na ile kauli, maana ndiyo iliyonitoa usingizini hadi nikaandika haya. Mengine yote ningeyameza.

Nimerudi kwa fundi mtoboaji aliyeniwekea taa ndogo chini ya ngozi ya mkono. Mkono nimeunyoosha mezani, simu nimeilaza juu yake, taa haionekani. Naisogeza simu huku, naisogeza kule, kiza. Akautupia mkono jicho moja, akarudi kwenye simu yake mwenyewe, akanijibu bila hata kuinua kichwa: “Sista, kifaa hakina tatizo. Ngozi yako ndiyo nyeusi mno.”

Jamani. Yeye mwenyewe mweusi tii! Ukituzimia taa pale tulipo, mimi na yeye, hujui nani ni nani. Sasa nilipokuwa nachagua kifaa, ngozi yangu ilikuwa nyeupe? Alipoishika, akaipaka dawa, akaibana kwa vidole viwili na kuichoma, alidhani nimevaa soksi?

Nimekuwa nikitaka kitu hiki muda mrefu, kwa hiyo msidhani niliamka tu siku moja nikakimbilia sindano. Nilikuwa nimesoma. Nilijua kuhusu wale vijana wa Pittsburgh, Marekani, waliojiwekea taa mikononi mwaka 2015, kule Düsseldorf, Ujerumani. Ile yao ilikuwa mviringo kama sarafu, ina betri ndani, na unaiwasha kwa kuisogezea sumaku. Ilibidi ngozi ipasuliwe na kushonwa. Mimi ya kupasuliwa siiwezi, nasema ukweli. Nilitaka hii ya siku hizi, kijipipa cha kioo kinachoingia kwa sindano kati ya kidole gumba na cha shahada.

Ila kuna kitu kimoja nilikisoma kuhusu wale vijana kikapita kama upepo: taa zao zilikuwa nyekundu. Kishikeni hicho, nitakirudia.

Mimi nilichagua bluu. Kwa nini bluu? Kwa sababu ni nzuri, basi. Nilimuuliza fundi, “Bluu itaonekana vizuri?” Akasema, “Itawaka kama nyota.” Hayo ndiyo maneno yake, sijaongeza wala kupunguza.

Siku yenyewe haikuwa mbaya, na hapa lazima nimpe haki yake hata kama roho inakataa. Alinawa, akavaa glavu mpya mbele ya macho yangu, pakiti ya sindano akaifungua nikiiona. Ganzi hakuna. Sehemu nyingi watoboaji hawaruhusiwi kuchoma ganzi, hiyo ni kazi ya daktari, kwa hiyo jiandaeni. Akaibana ile ngozi laini akaiinua kama anayeokota kitambaa, akasema vuta pumzi. Sindano ni nene. Si ile ya kutolea damu, hii ukiiona tundu lake unaweza kubadili mawazo mlangoni. Kuingia kwake ni moto wa sekunde mbili, kisha kuna kitu kama msukumo, kitu kigeni kinapita mahali pasipopaswa kupita kitu. Hapo ndipo nilipoguna. Akacheka. Sikupenda kile kicheko, lakini nikakisamehe, nikasema labda anacheka na kila mtu.

Akasukuma tena. Mara ya pili. Sikuuliza kwa nini. Ningeuliza.

Plasta, nenda nyumbani, usibonyeze, usinyanyue vitu vizito, subiri uvimbe ushuke. Nikasubiri. Nilikuwa mtiifu kuliko nilivyowahi kuwa kwa daktari yeyote. Mkono ulivimba, ukawa zambarau kidogo, ukapoa. Kila jioni naushika na kujisemea bado, bado.

Kwa wasiojua: taa hii haina betri. Ndani ya kile kioo kuna chipu, waya mwembamba uliozungushwa, na kitaa chenyewe. Ukisogeza simu yenye NFC, ile njia ya simu kuwasiliana bila waya na kitu kilicho karibu kabisa, ule waya unachota nguvu kutoka kwenye simu na taa inawaka. Ukiiondoa simu, inazima. Kwa hiyo kama unajiona unatembea usiku mkono unang’aa peke yake, futa hiyo picha. Utatembea na mkono wa kawaida kabisa.

Siku ya kujaribu nilifunga mlango. Nikaweka simu juu ya mkono. Kimya. Nikatoa kava. Kimya. Nilihangaika karibu nusu saa kabla ya kugundua kwamba kwenye simu nyingi NFC haisambai mgongo mzima, ina mahali pake, mara nyingi huko juu karibu na kamera, na kwamba kijipipa kama hiki hakishiki ukikiweka katikati ya antena. Kinashika ukingoni, tena kikilala kwa kuukata huo ukingo. Hilo nani alinifundisha? Hakuna. Nilijifundisha kwa kuzungusha simu juu ya mkono kama mtu anayepiga pasi. Hatimaye simu ikalia: imesoma chipu. Chipu inafanya kazi. Taa? Labda. Labda ile rangi iliyopita chini ya ngozi ilikuwa taa, labda ni macho yangu yenye hamu.

Ndiyo nikarudi kwake, ndiyo nikapewa ile kauli.

Nilitoka pale nimetetemeka. Ningekuwa na maneno wakati ule ningemchamba hadi majirani watoke. Lakini mimi hasira zangu huchelewa, maneno huja nikiwa nimeshafika nyumbani navua viatu. Siku kadhaa nilikuwa namwambia kila mtu: usiende, matapeli, kifaa kibovu, utachomwa bure. Na nilikuwa nimeamua kukitoa.

Kwa kukitoa nilienda kwa fundi mwingine, mama mtu mzima, mpole, amechorwa mikono yote hadi vidoleni. Sikumwambia habari za ngozi, niliona aibu. Akaushika mkono wangu, akapapasa kwa kidole gumba taratibu, akapapasa tena, akakunja uso. “Mwanangu, nani kakuwekea hiki?” Nikamwambia ni mtu tu. Akasema, “Kakizamisha. Kinatakiwa kulala hapa juu, chini ya ngozi tu, ukigusa ukisikie kinateleza. Hiki nakitafuta kwa tochi.”

Ule msukumo wa pili! Nilijua.

Halafu akafanya jambo ambalo nimelifanya tangu utotoni bila kulifikiria. Akawasha tochi ya simu, akanifunika kiganja changu juu yake, akazima taa ya chumba. “Unaona rangi gani?” Nyekundu. Vidole vyote vimewaka wekundu kwenye kingo. Tochi ni nyeupe, ina kila rangi ndani yake, ila inayotoka upande wa pili ni nyekundu peke yake. “Damu inaimeza bluu,” akasema. “Na melanini, ile rangi ya ngozi, nayo inaimeza. Nyekundu ndiyo inayopenya.”

Basi hapo hasira yangu ikajikwaa. Maana kumbe yule kaka hakudanganya kabisa. Ngozi yenye melanini nyingi kweli inakula bluu zaidi. Nilikaa pale na kiganja juu ya tochi nikajiona mjinga, kwa sababu nilikuwa nimeshajiandaa kusikia kwamba ngozi yangu haihusiki hata kidogo. Inahusika. Lakini damu inahusika kwa kila mtu, hata aliye mweupe kama karatasi, na kukizamisha kifaa ni mkono wa fundi, si melanini. Na jambo lenyewe la ngozi alilijua! Alilijua akaniuzia bluu akaniambia nyota. Angesema sentensi moja tu kabla ya sindano, “dada, chukua nyekundu,” leo ningekuwa namsifia. Akaitunza hadi nilipolalamika, akanirushia kama tusi.

Kinachonichekesha sasa, ila kwa uchungu, ni kwamba taa ya LED ya bluu iliwasumbua mafundi wa dunia miongo mitatu hivi. Nyekundu ilikuwepo, kijani ilikuwepo, bluu ikagoma, na wanasayansi watatu wazaliwa wa Japani, Akasaki, Amano na Nakamura, waliopata njia walipewa Nobeli ya fizikia mwaka 2014. Kazi yote hiyo, bluu ikapatikana, ikafika hadi kwenye mkono wangu, ikashindwa kuvuka unene wa ngozi.

Mama akaniuliza nikitoe? Nikasema subiri kwanza.

Usiku huo nikaingia chini ya blanketi, kiza totoro, simu bila kava. Nikatafuta ule ukingo. Na jamani, ikawaka. Haikuwa nyota. Ilikuwa alama ndogo ya bluu iliyofifia, kama mtu amewasha kibiriti nyuma ya pazia zito, ikicheza kila simu inapohema. Ila ilikuwa ndani yangu. Nikaiondoa simu, ikazima. Nikairudisha, ikawaka. Nilicheka peke yangu kama mtoto, mtu mzima mimi, chini ya blanketi. Nimefanya hivyo karibu kila usiku tangu hapo na bado sijachoka.

Sasa mnaniuliza nakipa kifaa alama gani. Wiki iliyopita ningesema sifuri. Jana usiku ningesema tano. Leo nimekumbuka kile kicheko, imeshuka. Kifaa ni kizuri, nasema hivyo huku nimekasirika. Ukienda, uliza mambo mawili kabla hujanyoosha mkono: kitakaa kina gani, na kwa ngozi yangu hii rangi ipi itapenya. Fundi akianza habari za nyota, vaa viatu.

Hiki cha bluu hakitoki. Nimemuuliza yule mama kama anazo nyekundu, akasema anazo, nisubiri mkono huu utulie kabisa, halafu ataniwekea kingine, juu juu, mkono wa pili. Kikipona nitapita kwa yule kaka kumsalimia. Nitampungia mkono wa kushoto.