Dongo la SDR au redio ya kawaida? Nimekaa navyo vyote hapa Tanga

Kwanza jina. Kile kidude cha SDR (redio ambayo kazi yake kubwa inafanywa na programu ya kompyuta) kinachochomekwa kwenye USB mi nakiita dongo, na siku ya kwanza nimeingia kwa fundi simu pale Ngamiani nikamwambia "bro nimekuja na dongo" nataka kebo ya OTG, ile ya kuchomeka vitu vya USB kwenye simu, jamaa akanuna kweli, akajua nimekuja kumsema. Ilibidi nilitoe mfukoni alione ndo akacheka.

Sasa hilo dongo ni kama flashi tu ukiliona, ndani lina chipu ya RTL2832U ambayo kiukweli ilitengenezwa watu waangalie TV ya dijitali kwenye kompyuta, wajanja wakaja kugundua mwaka 2012 kwamba inaweza kutoa mawimbi mabichi yote na programu ya kwenye laptopu ikafanya kazi ambayo kwenye redio ya kawaida inafanywa na makoili na filta na kristali. Langu lilinigharimu kama laki na kitu pamoja na usafiri. Upande wa pili nina redio ya kawaida, Tecsun PL-660, hii si yangu, ni ya mjomba, alikuwa baharia akaja nayo toka Dubai, nimeazima tangu mwezi wa Ramadhani.

Antena ni moja, dipole ya waya wa shaba, mita 10 huku mita 10 kule, imetoka kwenye mnazi mpaka kona ya bati, ni ya bendi ya mita 40, kule karibu na 7 MHz wanakoongea watu wa redio ya ridhaa, wale wanaorushiana mawimbi kwa kujifurahisha. Nilikuwa nachomoa hapa nachomeka pale, ya Tecsun niliunga kichwa cha earphone kwa risasi maana tundu lake ni dogo.

Kwa macho, dongo limeshinda na halina mpinzani. Unaona zaidi ya MHz 2 kwa mpigo, yale maporomoko ya rangi yanashuka kwenye skrini na kila anayeongea anaacha mstari wake, unabofya unamsikiliza. Na Tecsun unazungusha kitufe kama unatafuta sindano gizani, unapita pale jamaa kanyamaza unasema hakuna mtu, kumbe yupo.

Ila sasa. Siku moja usiku nakuta kwenye 13.6 MHz kuna stesheni inapiga vizuri tu, muziki safi, nikamwita mjomba nikamwambia nimepata mpya. Akaja na kikombe chake cha kahawa, akachukua Tecsun akaipeleka 13.600, kimya. Akaniangalia. "Mjomba, hapo hakuna mtu." Akaanza kupandisha mdogomdogo mpaka 15.200, muziki uleule! Kilichotokea ni kwamba dongo langu kwenye mawimbi mafupi linasoma moja kwa moja kwa saa ya MHz 28.8, kwa hiyo kila kitu kinakunjwa pale nusu yake, 14.4, cha juu kinaonekana chini. Toa 15.2 kwenye 28.8 unapata 13.6 hiyohiyo. Na angalia 14.4 ilivyokaa, jirani kabisa na bendi ya mita 20 (14.000 hadi 14.350), yaani sehemu tamu ya ridhaa ndo imejaa mizimu. Dawa ipo, unaweka filta au unanunua lenye kigeuzi cha kupandisha masafa, lakini hapo hela inaanza kuongezeka.

Halafu lina biti 8 tu, yaani ngazi zake za kupima nguvu ya mawimbi ni chache. Likiwa karibu na stesheni yenye nguvu linazidiwa, skrini nzima inajaa mistari, unashusha gain (ukuzaji wa mawimbi), na wale wa mbali nao wanapotea. Tecsun kwenye hali hiyohiyo inatulia, sauti za SSB, mtindo wa kurusha sauti wanaotumia watu wa ridhaa, zile za kama bata unazinyoosha kwa kidole mpaka mtu anakuwa mtu.

Na laptopu yenyewe ni adui, chaja ikichomekwa tu 7 MHz inanguruma. Ongeza taa za LED za majirani. Mi nilijua raha siku umeme umekatika mtaa mzima saa mbili usiku, aisee, bendi ilisafishika kama imepigwa deki, na betri ya laptopu yangu ya mtumba ikachukua dakika arobaini ikazima. Tecsun na betri zake nne ndogo ikaendelea mpaka nikasinzia nayo kifuani. FT8 je, ule mtindo wa kompyuta kutumiana ujumbe mfupi kwa redio? Hata Tecsun inakamata, unapeleka sauti kwenye kompyuta kwa kebo, mradi saa ya kompyuta iwe sawa, kwa sababu zile zamu za sekunde 15 hazisubiri mtu.

Kupanda juu ya MHz 30 sasa, hapo dongo linalipa kila senti. Meli zikikaribia bandari naziona majina kwenye 161.975 na 162.025, ile AIS, ishara ambayo meli zinarusha kujitambulisha, nikiwa juu ya bati na antena ya kuchonga mwenyewe. Kituo cha anga cha kimataifa (ISS) kwenye 145.800 nacho kinasikika kikipita, ila ni waja leo waondoka leo kwelikweli, dakika kumi kashapotea. Zile satelaiti za picha za hali ya hewa za NOAA nilizichelewa, Wamarekani wamezizima 2025, zimebaki Meteor za Warusi kwenye 137.9. Tecsun huku haifiki kabisa, ina FM na bendi ya ndege basi.

Kwa hiyo ukiniuliza ununue lipi: kama una laptopu na roho yako iko kwenye meli na satelaiti, chukua dongo na usijiulize. Kama unataka kusikiliza watu wa mita 40 usiku, tafuta redio yenye SSB, hata ya mtumba, na hela inayobaki nunua waya. Zote hizi ni za kusikiliza tu lakini, kurusha ni leseni ya TCRA, wale wa mamlaka ya mawasiliano, na kolisaini (jina lako la hewani) ya 5H.

Dongo siliuzi, msinifuate inbox. Tatizo ni mjomba, keshasema Tecsun yake anaitaka.